Tangazo lipo, ndoo haipo

Kama umewahi kufanya kazi kwenye jengo la ofisi hapa Dar basi hili tangazo unalijua, karatasi ya A4 imebandikwa na selotepu nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, herufi kubwa, USITUPE PEDI CHOONI. Sawa tumesikia, sasa tutupe wapi? Unageuka kulia ukuta, kushoto ukuta, mbele mlango wenye tangazo. Ndoo hakuna.

Mimi miaka mingi nilikuwa nafunga kwenye tishu natia kwenye pochi narudi nayo Mbagala. Saa moja na nusu kwenye daladala umebanwa katikati ya watu, joto la mwezi wa pili, mtu akikunja pua tu unajua ni mimi huyo nimegundulika. Zamani angalau kulikuwa na vimfuko vya rambo, unapiga fundo mbili habari imeisha, ila vilipopigwa marufuku Juni 2019 (na nilifurahi, mitaro ilikuwa imejaa) tukabaki na tishu na gazeti. Wengine walikuwa wanasokomeza nyuma ya tenki la kuflashi. Na wengine tuseme tu ukweli walikuwa wanatupa humo humo, wanaflashi mara mbili, wanatoka wakiangalia chini.

Basi masika ya mwaka jana chemba ikafurika, maji yakarudi mpaka koridoni. Fundi bomba akaja na springi yake akawa anavuta, kila akivuta inatoka pedi imevimba kama andazi, akazipanga pale sakafuni akawa anaita watu waje waone! Wala si maajabu. Pedi imetengenezwa inyonye, ndani ina unga unaogeuka jeli ukikutana na maji na chini ina plastiki. Toilet pepa ikiloa inameguka, pedi ikiloa inanenepa, tena ikikwama kwenye kona ya bomba inadaka kila kinachofuata.

Kesho yake kikao. Bosi akaongea dakika kumi nzima bila kutaja neno pedi, ni "vile vitu" na "kina dada mjirekebishe". Mimi ndo nashika pesa ndogo ndogo za ofisi kwa hiyo nikanyoosha mkono nikasema bosi, fundi kachukua 120,000 na ndoo ya kukanyaga kwa mguu pale Kariakoo ni 25,000, naomba kununua. Kimya. Halafu akasema haya, kanunue, ilimradi tubadilishe mada.

Nikanunua moja, kubwa, nzuri, nikaiweka kwenye masinki. Wiki nzima imepita naifungua nakuta tishu na boksi la chipsi mayai. Nilijiona mjinga kwa kweli, maana hata mimi mwenyewe sikuitumia! Nani atoke chooni na kifurushi mkononi apite mbele ya watu watatu wananawa? Ndoo inatakiwa iwe ndani ya kila choo, mkono unaifikia ukiwa umekaa, ina mfuniko. Nikarudi Kariakoo kuchukua ndogo nne.

Hapo nikadhani nimemaliza, kumbe yule mama anayetufanyia usafi sikumuuliza chochote. Siku moja namwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba halafu ananivuta pembeni, "Mwanangu umeniletea kazi mpya, glavu ziko wapi?" Alikuwa anazimwaga kwa zile glavu nyepesi zimechanika vidole viwili. Niliona aibu sana. Tukapata glavu nene na mifuko ya kutandika ndani, tukakubaliana zinatolewa kila jioni, kwa joto hili zikilala wikiendi Jumatatu hupiti. Yeye ndo aliniambia pia kwanini baadhi ya wadada bado wanabeba zao mpaka nyumbani, wanaogopa damu yao isije ikachukuliwa na mtu mwenye nia mbaya. Unaweza kucheka ila hofu hiyo ipo, kwa hiyo utaratibu wake ni kwamba mfuko unafungwa kwa juu bila kuchungulia na haufunguliwi tena.

Baada ya hapo zinakwenda wapi? Kuna kampuni zinakuletea ndoo zao, zinachukua iliyotumika zinaacha safi, taka wanakwenda kuchoma kwenye tanuri. Nilipiga simu, ila kwa wanawake 11 na mkataba wa mwaka mzima bosi angezimia. Zetu zinapanda gari la taka zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi na taka zingine, silipendi hilo ila ndo hali halisi. Mwaka 2018 serikali ilifuta VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka, tukabishana mitandaoni mpaka basi, yote kuhusu kununua. Sikumbuki kuona mtu anauliza ikishatumika inawekwa wapi.

Bajeti ya ofisi ya mwaka huu imetoka juzi, nimekuta bosi kaandika "vyombo vya kuhifadhia, idadi 4, na mifuko yake". Neno pedi bado linamshinda lol. Na lile tangazo halijabanduliwa, ila kuna mtu kachora mshale kwa kalamu ya bluu chini yake, unaelekea kwenye ndoo.