Nilivyoacha kuitazama namba ya chini peke yake

Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuhudumia pampu za maji hapa Tanga, na katika muda wote huo sikuwahi kutoka kwenye kituo cha pampu kabla ya kuitazama geji. Mwili wangu mwenyewe, hata hivyo, niliuhudumia kwa kusikia watu wanasemaje. Tangu nilipostaafu mwaka 2015, kila nilipopimwa presha niliuliza jambo moja tu: ya chini ni ngapi? Mitaani kwetu wengi huamini kwamba namba ya chini ndiyo presha yenyewe, na kwamba ya juu hupandishwa na uchovu, hasira au umri. Yangu ya chini ilikuwa 70, mara nyingine 68, nami nilikuwa nikirudi nyumbani nimeridhika. Mwaka 2021, katika kituo kimoja nilichozoea kwenda, aliyenipima aliandika 166 kwa 70, akaniambia, "Mzee, kwa umri wako hii ni ya kawaida, ya chini iko safi." Nilimshukuru nikaondoka.

Februari 2023 mdogo wangu alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, ameketi barazani na kikombe cha chai ya rangi, mkewe akakiona kikombe kinalala taratibu mkononi mwake na chai inamwagikia kanzu, naye haangalii kikombe wala hasemi neno. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Tulimkimbiza hospitali na uhai wake ukaokolewa, ila mpaka leo mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati. Nilipochungulia fomu yake pale kitandani niliona 190 kwa 74. Namba ya chini ilikuwa safi kama yangu. Wiki hiyohiyo nilikwenda kliniki, na safari hii niliomba nielezwe zote mbili.

Daktari aliyenipokea ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinipima mara tatu, wastani ukawa 172 kwa 68. Aliponiuliza nilikuwa nikifanya kazi gani, nikamwambia, alitabasamu kisha akasema, "Baba, nikikuonyesha geji inayoruka hadi 172 na kuanguka hadi 68 kila pampu inapopiga, utasema tatizo ni nini?" Nikamjibu kwamba ningezima pampu nikakague tangi la hewa. Akasema, "Basi ndilo hilo lililochoka."

Wasiofanya kazi ya pampu naomba wanivumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoelewa kila kitu. Pampu ya pistoni haitoi maji mfululizo. Huyatoa kwa mikupuo. Kwa sababu hiyo karibu nayo hufungwa tangi dogo lenye hewa: pistoni inaposukuma, hewa hubanwa na sehemu ya maji huingia humo, na pistoni inaporudi, hewa hutanuka na kuyasukuma maji hayo mbele, hivyo bomba halikatiki maji wala halipigwi kishindo. Mwaka 1899 mwanasayansi Mjerumani Otto Frank aliutumia mfano huohuo kueleza kazi ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Moyo unaposukuma, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo unapopumzika, aota hunywea na kuendelea kuisukuma. Kadiri miaka inavyokwenda, nyuzi za elastini zinazoupa mshipa mnyumbuko huchakaa na kukatika, na kolajeni, ambayo ni ngumu, huchukua nafasi yake. Kisukari, sigara, presha isiyotibiwa, maradhi ya figo na chumvi nyingi huharakisha uchakavu huo.

Tangi likishakakamaa, namba ya juu hupanda kwa sababu hakuna kinachoumeza mkupuo, na ya chini hushuka kwa sababu hakuna akiba ya kusukuma wakati moyo unapumzika. Kwa hiyo ile namba ya chini niliyokuwa nikiifurahia ilikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Pengo langu, yaani tofauti kati ya namba ya juu na ya chini, lilikuwa 104. Kijana mwenye 120 kwa 80 ana pengo la 40, na kwa mtu mzima pengo linalozidi 60 hutosha kumfanya daktari aanze kushuku mishipa. Moyo unaosukuma damu kwenye bomba gumu huongeza unene wa misuli yake, huku ukipata damu pungufu ya kujilisha, maana hulishwa zaidi pale unapopumzika. Ubongo na figo hupokea damu nyingi kupitia mishipa iliyo wazi na laini, hivyo kishindo ambacho aota ingekimeza huwafikia moja kwa moja. Katika kazi yangu nimeona viungio vingi vya bomba vikipasuka, na mara nyingi kilichovipasua ni kishindo cha maji, hali geji ilikuwa imeonyesha wastani mzuri tu.

Nilimuuliza daktari kama kuna faida ya kutibu namba ya juu peke yake katika umri wa miaka 68. Alinieleza utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1991, wenye watu zaidi ya 4,700 wa miaka 60 na kuendelea, wote wakiwa na namba ya juu ya 160 au zaidi na ya chini isiyofika 90, yaani watu wa aina yangu kabisa. Waliopewa dawa walipata viharusi pungufu kwa asilimia 36 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lengo letu tuliliweka chini ya 140, kwa kushuka polepole.

Nilianza na chumvi. Nyumbani tuko watatu, nikaanza kuandika tarehe juu ya kila pakiti ya chumvi ya nusu kilo inapofunguliwa. Ya kwanza iliisha kwa siku 14, yaani karibu gramu 12 kwa mtu kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri zisifike gramu 5. Najua nyingine humwagwa na maji ya kupikia, lakini pia mkate, papa mkavu na ng'onda vina chumvi isiyohesabiwa katika pakiti. Mke wangu aliacha kuweka kikopo cha chumvi mezani, ng'onda akawa anamloweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, na mchuzi akauongezea ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mwezi wa kwanza nilikula bila hamu, sitaki kulificha hilo. Sasa pakiti hufika siku 35. Jambo la pili lilikuwa kutembea: nikishaswali alfajiri natoka Chumbageni kuelekea Raskazone kwa mwendo wa haraka, dakika 30, siku tano kwa wiki.

Dawa ndizo zilizonipa kazi zaidi. Nilianza na amlodipini miligramu 5, ikapandishwa hadi 10, na vifundo vya miguu vikavimba hata mpira wa soksi ukawa unaacha mfereji kwenye ngozi. Jirani yangu aliyewahi kupatwa na hali hiyo aliacha dawa zote kimyakimya. Mimi nilirudi kliniki. Daktari alinirudisha kwenye 5, akaongeza dozi ndogo ya dawa ya kukojoza ya jamii ya thiazidi, akaagiza damu yangu ipimwe sodiamu na potasiamu. Wiki ya pili ya mchanganyiko huo niliamka alfajiri, nikasimama kwa pupa, macho yakaingia giza, nikanusurika kuanguka kwa kuushika mwimo wa mlango. Nilipojipima, nikiwa nimeketi ilikuwa 141, nikisimama 112. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, daktari lazima aambiwe, kwa sababu mishipa iliyokakamaa haiwezi kurekebisha presha upesi, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Thiazidi ikapunguzwa nusu. Tangu hapo huketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili, na katika daftari langu kuna safu ya tatu: kusimama.

Kuhusu kupima, naona kwamba vipimo vyangu vingi vya zamani havikuwa na thamani, kwa kuwa nilipimwa nikiwa nimetoka kupanda baiskeli, naongea, miguu inaning'inia. Sasa napumzika dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono uko usawa wa moyo, bila kahawa kwa nusu saa kabla yake. Napima mara mbili, dakika moja kati yake, asubuhi na jioni, na siku saba kabla ya kliniki sikosi. Baada ya miezi 14 wastani wangu ni 137 kwa 66. Pengo ni 71. Mishipa haijarudi ujana, lakini kishindo kimepungua.

Aliyebaki alikuwa dada yangu wa Pangani, mwenye miaka 82, aliyekuwa akisema, "Mimi nimekwisha kuzeeka, niacheni na presha yangu." Sikubishana naye. Nilimwambia habari ya utafiti wa watu zaidi ya 3,800 wenye miaka 80 na kuendelea, uliotangazwa mwaka 2008, ambao vifo miongoni mwa waliotibiwa vilipungua kwa asilimia 21 na moyo kushindwa kazi ukapungua kwa zaidi ya nusu. Alinyamaza, kisha akauliza kama dawa hizo zitamzuia kufunga. Nikasema hilo tutalipanga na daktari. Nilipompima kwa mkanda wangu ilisoma 158, lakini niliuona mkanda unacheza kwenye mkono wake mwembamba, na mkanda mkubwa kuliko mkono husoma chini ya ukweli. Nikarudi Jumamosi iliyofuata na mkanda mdogo: 171 kwa 72. Nimeiandika katika ukurasa wake wa kwanza, na Jumatatu tunakwenda naye kliniki.