Nilivyoondoa stuli yangu mlangoni

Nilianza mwaka 1996 nikiwa machinga Kariakoo, kufuli na bawaba begani. Miaka saba baadaye nikalipa kilemba, ile pesa ya kuachiwa eneo, nikapata fremu ya duka Gerezani: misumari, nondo, mabati. Hayo siyasimulii sana. Jua, miguu kuvimba na mali kauli, yaani mzigo wa kulipa baadaye kwa kuaminiana, kila mtu wa pale anayajua.

Kilichonishinda ni kuongoza watu. Nilikuwa na vijana wanne, na hakuna aliyeruhusiwa kupunguza bei bila kunipigia simu. Niko msibani Moshi, simu inaita: "Tajiri, fundi anataka bando mbili za geji 30, tumpunguzie?" Nikitoka nje ya turubai kujibu, najiona mtu muhimu kweli.

Mwaka 2010 zikaja mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Vidole vyangu vikagoma. Kijana mmoja alijifunza kwa siku mbili, akawa ndiye anayenitolea ripoti ya zedi, jumla ya mauzo ya siku, kila jioni. Ilibidi nimwamini, sikuwa na ujanja. Nikampa ruhusa ya kupunguza bei mwenyewe, baadaye hata kutoa mali kauli. Mwezi wa kwanza tu fundi mmoja akatokomea na bando tatu. Usiku ule sikulala, lakini asubuhi sikumnyang'anya daftari la madeni. Alimtafuta yule fundi miezi minne mpaka akalipwa bando mbili. Ya tatu ikawa ada ya shule.

Mwaka 2019 nikamkabidhi duka, kwa makubaliano ya maandishi. Funguo nilitoa, ila kila saa moja asubuhi nilikuwa nimeshakaa kwenye stuli yangu mlangoni. Wateja wanampita yeye, wananiuliza mimi bei, nami najibu. Siku moja akasubiri duka litulie, akaniambia kwa upole: "Mzee, shikamoo. Ukikaa hapo, mimi nitabaki kijana wa dukani." Niliumia, sidanganyi. Nikaibeba stuli kwenye bodaboda.

Sasa iko Mkuranga, chini ya mkorosho. Mwaka wa kwanza niliamka alfajiri nikatafuta funguo mfukoni, mke wangu akacheka. Wiki iliyopita kijana alipiga simu: kuna fundi wa Mbagala anataka mali kauli, je, namfahamu? Namfahamu sana. Kwa kuwa ameuliza mwenyewe, nilimwambia adai nusu kwanza. Kisha nikarudi kupuliza salfa, maua yalikuwa yameshaanza kushikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho.