Amekula? Siku za mwisho za Mama, Namuwongo

Uji ule bado unanikera. Shangazi zangu, majirani, hata yule mama anayeuza mkaa kwenye kona, kila aliyeingia kumjulia hali Mama aliuliza swali moja tu: "Amekula?" Nikijibu hajala, jicho nilipewa.

Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali ya Mulago walimchoma mionzi, akapata nafuu miezi kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi na kufika kwenye figo. Wakatuambia tumtunze nyumbani. Tukamlaza chumba cha nyuma, karibu na dirisha.

Basi nikaanza kulisha. Matooke ya kuponda, mchuzi wa samaki, uji wa mtama wenye maziwa. Asiposhika kijiko namshikia, asipofungua mdomo nambonyeza kidevu. Siku moja uji ukampalia, ukatokea puani, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Alipopata pumzi akaniambia polepole, "Mwanangu, unanichosha." Nilitoka uani nikalia, na jioni nikarudi na bakuli lingine. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, lile bakuli la pili.

Kisha binamu yangu akaja na musawo, yaani mganga, wa kliniki fulani ya barabarani. Dripu mbili, ukijumlisha na boda boda zilitutoka shilingi elfu themanini hivi, labda zaidi. Chupa ya pili haikuisha. Miguu ikavimba ikawa kama ya mtu mwingine, kifua kikaanza kutokota kama birika. Musawo akasema hayo ni maji yanafanya kazi.

Muuguzi wa Hospice Africa Uganda, shirika linalotunza wagonjwa wasioweza kupona, alipofika kutoka ofisi yao ya Makindye, aliketi kwenye mkeka, akamsikiliza Mama kifua, akaichomoa ile dripu. Hakunigombeza. Akasema, "Dada, jiko la mwili limezimika. Ukiteleka sufuria juu yake hakiivi kitu, kinamwagika tu." Akanifundisha kumlowanisha mdomo kwa pamba yenye maji, kumpaka mafuta midomoni, na kumpa kijiko cha maji pale tu anapotaka mwenyewe. Mama akawa anainyonya ile pamba kwa raha. Nilikuwa sijaona raha usoni pake kwa wiki nyingi.

Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo ilizua vita. Shangazi mkubwa alisema hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Hapana. Hapa kwetu mofini ya maji inatolewa bure, ile ya kijani ndiyo hafifu, nasi tuliipokea ndani ya chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Nilimpa kila baada ya saa nne kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na ya usiku maradufu ili asiamke kwa maumivu. Siku mbili za kwanza alilala sana, maana alikuwa hajalala mwezi mzima. Siku ya tatu aliamka akaomba nimchane nywele. Aliishi wiki tano baada ya hapo. Na maumivu yalipopanda, muuguzi aliongeza kipimo palepale kitandani bila kungoja daktari, kwa kuwa tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea kuwatuliza wagonjwa wa namna hii kuandika mofini. Choo kikifunga, na kitafunga, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zinasaidia. Harufu ya uchafu uliomtoka kwa ule ugonjwa tuliimaliza kwa vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, tunaviponda na kunyunyizia kwenye pedi. Wageni wakaanza kukaa ndani tena badala ya kusimama mlangoni.

Wiki ya tano mambo yakabadilika. Usingizi ukawa mrefu kuliko kuamka. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Miguu ikapoa, nikamvisha soksi na blanketi zito, akalisukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kumbe yeye hasikii baridi ile. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute weupe wa uso. Tazama kucha, midomo na nyayo, huko ndiko rangi inakobadilika. Usiku mmoja akaanza kuongea na Baba, aliyekuwa askari wa polisi na ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita. "Amefika. Mwambieni avue buti, nimepiga deki." Shangazi akataka kumzindua. Nikamzuia, nikamjibu Mama kwamba ameshavua. Akatulia.

Pumzi ndiyo iliyonitisha zaidi. Inakuja haraka haraka, inapungua, inakatika kabisa, halafu inarudi. Kila ikikatika nyumba nzima inapiga yowe. Nikachukua tasbihi yake. Pumzi ikikatika, navuta punje moja moja kwa Subhanallah. Jumatano usiku zilikuwa punje sita. Alhamisi mchana kumi na moja. Sikuwa tena mtu wa kushtuka, nilijua tuko wapi, na kwa hesabu hiyo nilimwita kaka yangu kutoka Arua akafika na kumkuta Mama yu hai. Hakuna ushauri niliopewa na mtu uliowahi kunifaa kama zile punje.

Alipoanza kukoroma kooni walitaka tumkimbize hospitali. Tulimgeuza ubavu, tukainua kichwa kidogo kwa mto, sauti ikapungua. Muuguzi alikuwa ameniambia inawatesa wanaosikiliza kuliko anayekoroma.

Aliniambia pia kwamba anaweza kuwa bado anasikia hata kama hajibu. Kwa hiyo shangazi wawili walipoanza kubishana juu ya kichwa chake kama azikwe Bombo au hapa hapa Kampala, niliwashika mikono nikawatoa nje, mimi mtoto wao, nikafunga mlango. Sijawahi kuwapandishia sauti maishani. Ningefanya hivyo tena kesho. Kaka akamsomea Yasini, nami nikamtamkia shahada sikioni taratibu, mara moja, nikaiacha hapo kama imamu alivyoelekeza, bila kumkariria na kumchosha.

Ijumaa kabla ya alfajiri pumzi ilikatika. Nikavuta punje kumi na moja, ishirini, thelathini na tatu. Nikaanza upya, nikazimaliza tena. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa, nikakaa naye peke yangu mpaka adhana ya msikiti wa Kibuli, ndipo nikawaamsha.

Jumatatu nilipeleka Makindye chupa ya mofini ili irudishwe. Ilikuwa imebaki robo.