Nimerudi Kolwezi, na kura ninayoitetea si ya rais peke yake

Tangu nirudi Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo ya Kinshasa, kuna maneno nayasikia karibu kila nyumba ninayoingia kusalimia: kura haitatusaidia kitu. Mjomba wangu anayasema, vijana wa mtaani wanayasema, akina mama wanaouza makaa kule Manika wanayasema. Siwezi kunyamaza. Miaka yote niliyokaa Ubelgiji niliuwaza mji huu, na sikurudi ili nizoee hali niliyoikuta.

Kwa asiyefika huku: Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na inatoka hapa kwetu Lualaba na kwa jirani zetu wa Haut-Katanga. Shaba ndiyo usiseme. Usiku malori yanafuatana kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mzigo ukienda bandari za Durban na Dar es Salaam, huku nyumba za mitaani ziko gizani na ndoo zimepangwa uani kungojea maji. Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, watu walichimba mashimo ndani ya nyua zao, wengine hata ndani ya nyumba, kwa sababu madini yalikuwa chini ya sakafu na chakula hakikuwepo mezani.

Wazee wanaikumbuka Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ya serikali ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi alipata nyumba, shule ya watoto, hospitali, na unga. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa haitoi hata tani 20,000, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Nawaelewa wanaoililia. Lakini katika enzi ile mtu alipewa bila kuuliza, na siku kampuni ilipoanguka hakuwa na pa kwenda kudai. Siku hizi sheria imeipitisha sehemu ya fedha za madini mikononi mwa watu tunaowachagua sisi wenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa.

Kanuni ya Madini ilirekebishwa mwaka 2018. Mrabaha wa shaba, yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini inayochimba, ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati, ikaanza kutozwa asilimia 10. Fedha hizo haziendi zote Kinshasa. Nusu ni ya serikali kuu, asilimia 25 ni ya mkoa, asilimia 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 ni ya komini (sehemu ya mji yenye utawala wake), sekta au uchifu ambao mgodi umo ndani yake. Fedha ya mkoa inapangiwa matumizi na bunge la mkoa, na bunge hilo hilo ndilo linalomchagua gavana. Kwenye komini, baraza la madiwani ndilo lenye haki ya kumchagua bourgmestre, mkuu wa komini, na kumwuliza hesabu.

Basi tarehe 20 Desemba 2023 madiwani wa komini walipigiwa kura katika miji mikuu ya mikoa, na Kolwezi yetu ikiwemo. Fungurume, mji wa hapa Lualaba wenye mgodi mkubwa, haikupata kura hiyo kwa kuwa si mji mkuu wa mkoa. Nawauliza watu wa Dilala na Manika walimchagua diwani gani, na wengi wananitazama tu. Jina la rais wanalijua, na la mgombea aliyegawa vitenge wanalijua pia.

Mimi siku hiyo nilipiga kura Ubelgiji. Ilikuwa mara ya kwanza Wakongo wa nje kuruhusiwa, katika nchi tano tu, tena kwa rais peke yake. Kura ya mbunge wa mkoa na ya diwani, zile zinazogusa fedha ya mgodi ulio nyuma ya nyumba ya mama yangu, sikuwa nazo. Ndugu zangu walikuwa nazo, na baadhi yao walibaki nyumbani. Nchi nzima walipiga kura watu milioni 18 na kitu kati ya karibu milioni 44 walioandikishwa. Wengine walifika wakakuta kituo hakijafunguliwa au mashine haifanyi kazi, na hao siwalaumu hata kidogo.

Mjomba aliponisikiliza alisema, “Mwanangu, 2006 tulipiga, 2011 tulipiga, 2018 tulipiga. Wanaandika wanachotaka.” Sikumbishia. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki wa CENCO, baraza lao la nchi, walikuwa na waangalizi wapatao 40,000, wakasema waliyoyaona hayalingani na matokeo yaliyotangazwa. Baada ya uchaguzi wa 2023, tume ya uchaguzi yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu. Hayo yalitokea, na yanauma.

Nikamwambia, “Mjomba, kumbuka Beni.” Desemba 2018 watu wa Beni, mji wa mashariki ya nchi, waliambiwa hawatapiga kura kwa sababu ya Ebola na vita. Siku ya uchaguzi walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura za karatasi walizojitengenezea, wakijua hakuna atakayezihesabu. Rais aliapishwa Januari 2019. Wao wakaitwa kuwachagua wabunge mwezi Machi. Walikuwa wamezungukwa na mauaji, na bado walitaka wahesabiwe kama raia.

Tena kura ya diwani inalindika kuliko ya rais. Sheria inataka matokeo yabandikwe kwenye kila kituo. Kwa komini moja, vijana wachache wenye simu wanaweza kupiga picha karatasi zote na kujumlisha wenyewe usiku ule ule, kisha kusubiri tangazo wakiwa na hesabu yao mkononi. Kazi hiyo haihitaji fedha kutoka Kinshasa wala Brussels. Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028, na vijana hao wapo, nimekwisha zungumza na baadhi yao.

Ila hatungoji 2028. Jumatatu mimi na mjomba tunakwenda ofisi ya komini kuuliza mrabaha wa mwaka jana uliingia kiasi gani na ulifanya nini. Mwenye nafasi aje, tunakutana saa tatu asubuhi. Kadi ya mpiga kura usiisahau.