Wawili au Saba? Kuisoma Habari ya Nuhu kwa Kalamu Mbili

Swali liliulizwa na mtoto wa miaka tisa katika darasa la shule ya Jumapili ninalosaidia kufundisha: je, Nuhu aliingiza wanyama wawili wawili au saba saba? Biblia alikuwa ameishika mkononi, na kila alichokisema kilikuwa kimeandikwa humo. Mwanzo 6:19 inataja wawili wa kila namna, ilhali 7:2 inaagiza saba saba kwa wanyama walio safi na wawili kwa wasio safi. Nilimwambia tutalizungumza wiki ijayo, nikarudi nyumbani na deni.

Jioni hiyo nilichukua nakala ya sura ya 6 hadi ya 9 pamoja na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika kazi hii, kwa sababu Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 inatofautisha kwa uaminifu majina mawili ya Kiebrania: palipo na jina lile la herufi nne ambalo Wayahudi hawalitamki, imeandikwa BWANA kwa herufi kubwa, na palipo na Elohimu imeandikwa Mungu. Niliweka nyekundu kila palipo na BWANA, bluu kila palipo na Mungu, kisha nikasoma rangi moja moja.

Kilichojitokeza ni masimulizi mawili ambayo kila moja karibu linajitosheleza. Katika bluu wanyama ni wawili wawili, maji yanatawala siku 150, chemchemi za vilindi zinapasuka na madirisha ya mbinguni yanafunguka, na kila tukio lina tarehe yake, mwezi na siku, kama daftari la karani wa hekalu. Katika nyekundu wanyama walio safi ni saba saba, mvua inanyesha siku 40, na mwishoni Nuhu anajenga madhabahu na kutoa sadaka ya kuteketezwa. Hapo ndipo hesabu ya saba inapopata maana yake. Anayetoa sadaka hawezi kuwa na wanyama wawili tu wa kila aina, kwani akimchinja mmoja amekimaliza kizazi. Simulizi la bluu halina sadaka yoyote, kwa kuwa kwa mwandishi wake sheria za sadaka zinaanzia Sinai, kwa Musa na Haruni. Kwake wawili wanatosha.

Jambo hili halikugunduliwa mezani pangu. Daktari Mfaransa Jean Astruc aliandika kuhusu majina hayo mawili mwaka 1753, na katika karne ya 19 Julius Wellhausen wa Ujerumani akaipa hoja hiyo, kwamba waandishi walikuwa zaidi ya mmoja, sura iliyotawala vyuo kwa miaka mingi. Wapo wataalamu waliopinga, akiwemo Umberto Cassuto, na wengine wameonyesha jinsi habari yote ilivyopangwa kwa ustadi, ikipanda hadi maneno "Mungu akamkumbuka Nuhu" katika 8:1 kisha ikishuka kwa hatua zilezile. Nimezisoma hoja za pande zote, nami naona zote zina ukweli ndani yake: mikono ilikuwa zaidi ya mmoja, na yule wa mwisho aliyeviunganisha vipande alijua anachokifanya. Hakufuta saba ili kuinusuru mbili. Alipokea mapokeo mawili matakatifu, akayasuka pamoja bila kulitupa hata moja, na uaminifu huo unanigusa kuliko kama angetuachia hadithi laini isiyo na mshono.

Mapokeo yenyewe yalikuwa na mizizi mirefu zaidi. Tarehe 3 Desemba 1872, George Smith wa Makumbusho ya Uingereza alisoma mbele ya hadhara mjini London tafsiri ya kibao cha udongo kutoka maktaba ya mfalme Ashurbanipali huko Ninawi. Kilikuwa kibao cha kumi na moja cha Gilgamesh, utenzi wa kale wa Babeli, ambamo mtu aitwaye Utnapishtimu anaonywa na mungu mmoja, anajenga chombo, anaingiza wanyama, anatua mlimani, anarusha njiwa, mbayuwayu na kunguru, kisha anatoa sadaka. Kipande cha utenzi huo kimepatikana pia Megido, katika nchi ya Kanaani yenyewe, kikiwa cha zamani kuliko ufalme wa Daudi. Waebrania basi hawakuhitaji kusubiri uhamisho wa Babeli ili wasikie habari za Gilgamesh, ingawa baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 KK waliishi katikati ya watu waliozienzi. Hata lami inatoa ushahidi: katika 6:14 Nuhu anaambiwa aipake safina kwa kitu kiitwacho kofer, neno ambalo kwa maana ya lami halionekani tena popote katika Biblia ya Kiebrania, na ni ndugu wa neno la Kibabeli kupru, lami ileile iliyotumika katika chombo cha Utnapishtimu. (Mti wa gofer katika aya hiyohiyo maana yake imepotea, na watafsiri wetu wakauita mvinje, mti ambao mtu wa pwani anaujua.)

Wapo wanaosikia haya wakadhani imani imenyang'anywa kitu. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa mtu anayeipokea hadithi ya jirani na kuibadilisha huonyesha moyo wake mahali pale anapobadilisha. Katika utenzi mwingine wa Babeli, ule wa Atrahasisi, ambao ni wa kale kuliko nakala ile ya Ninawi, gharika inatumwa kwa sababu wanadamu wamezidi kelele na mungu Enlili hapati usingizi. Katika Mwanzo sababu ni uovu na dhuluma iliyoijaza dunia, na anayeituma hajakasirika kwa kukosa usingizi: imeandikwa kwamba "akahuzunika moyo". Miungu ya Babeli, iliyoshinda njaa kwa kukosa wa kuilisha, inaikusanyikia sadaka kama nzi. BWANA naye anasikia harufu ya kumridhisha, picha ileile ya kale, lakini njaa imeondolewa. Utnapishtimu anapewa uzima usio na mwisho. Nuhu anaishi miaka 950, kisha anakufa kama watu wote.

Aya ninayorudi kwayo mara kwa mara ni 8:21. Katika 6:5 gharika inatangazwa kwa sababu mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya. Gharika inapita, walio wabaya wanazama, na katika 8:21 BWANA anasema moyoni kwamba hatailaani nchi tena, "maana mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake". Sababu ni ileile. Maji hayakumbadilisha mwanadamu. Kilichobadilika ni namna Mungu alivyoamua kuishi naye. Ndipo anauweka upinde wake winguni. Kiebrania kinasema qeshet, upinde wa vita, na Kiswahili chetu, kinachosema upinde wa mvua, kimeihifadhi silaha hiyo bila sisi kuifikiria: ni upinde wa shujaa uliotundikwa.

Watafsiri wetu walihifadhi na jingine. Safina kwa Kiebrania ni teva, neno linalotumika mahali pawili tu katika Agano la Kale, hapa na katika Kutoka 2, ambapo mama wa Musa anamweka mwanawe majini. Lugha nyingi zimetia kikapu pale na kiungo kikakatika. Biblia yetu inasema kisafina. Mtoto mchanga katika mto Nile amelazwa ndani ya safina ndogo, nayo imepakwa lami.

Jumapili iliyofuata nilibeba karatasi zangu na kalamu zile mbili. Sikumweleza mtoto habari za Wellhausen. Nilimwonyesha BWANA na Mungu, nikamwacha atafute. Alikwenda vizuri mpaka 7:16, palipoandikwa kwamba waliingia "kama Mungu alivyomwagiza, BWANA akamfungia". Akasimama, akainua uso, akauliza atumie rangi gani. Nikampa kalamu zote mbili.