Chibi ni kama lakabu, ndo maana nazipenda

Juzi stima ilipotea kwetu Langoni, Lamu, tangu magharibi mpaka karibu saa nne usiku, na laptopu yangu ilikuwa imebaki na chaji kama asilimia 40 hivi, basi mimi na mdogo wangu (ni mtoto wa ami lakini tumelelewa nyumba moja, kwa hivyo ni mdogo wangu tu) tukatoka tukakaa dakani penye upepo, tukachomeka flashi yake tukaangalia Rock Lee, anime (katuni ya Kijapani), episodi tatu mfululizo mpaka mashine ikazima yenyewe. Mtaa wote giza, kile kioo peke yake ndo kinawaka, kwa hivyo kila anayepita anasimama. Mmoja alikuwa na punda wake amebeba magunia ya mchanga, akaangalia kwa muda kisha akauliza, huyu mwenye kichwa kikubwa ni nani? Mdogo wangu akamwambia ni Rock Lee, yule wa Naruto. Akasema, Naruto namjua, lakini mbona hawa wamefupishwa?

Alishaondoka na punda wake na mimi bado nalifikiria lile swali. Mbona wamefupishwa. Leo nataka kulijibu vizuri, manake hizi katuni nazipenda kwa dhati na naona watu wanazipita kama kitu cha kujaza nafasi tu.

Chibi ni neno la Kijapani, ni kama kusema kafupi, kadogo, mtu anaweza kukuita hivo kwa kukupenda au kwa kukuchokoza. Kwenye uchoraji hesabu yake ni hii: mtu mzima ukimpima kwa kichwa chake mwenyewe anapata kama vichwa saba na ushei kutoka utosini mpaka nyayoni, lakini chibi ana viwili au vitatu basi, yaani kichwa peke yake ni theluthi ya mtu au hata nusu. Pua inapotea, vidole vinakuwa vifundo, macho yanachukua uso mzima. Wajapani wanaita pia SD, kifupi cha super deformed, kwa maana ya umbo lililoharibiwa makusudi kupita kiasi, na jina hilo lilishika sana miaka ya 80 kupitia vile vidude vya kuchezea vya Gundam vya Bandai. Sasa anime kubwa ikishapendwa, hutokea mtu akachukua wahusika walewale akawafupisha na kuwatengenezea hadithi yao ya kuchekesha pembeni, spinofu, na hadithi kubwa inaendelea na mambo yake kama kawaida.

Mimi naona chibi ni lakabu.

Hapa Lamu kila mtu ana lakabu, na lakabu haimwelezi mtu mzima mzima, inashika kitu kimoja inakikuza mpaka mengine yote yanakaa nyuma yake. Babu yetu alikuwa nahodha, alikuwa na boti ya kuvusha watu Mokowe na siku nyengine anapeleka abiria mpaka Faza, na mji mzima ukimwita Nusu Saa. Sababu ukimuuliza, nahodha tunafika lini, jibu lake lilikuwa moja, nusu saa tu inshallah. Hata kama ndo kwanza kamba inafunguliwa gatini, hata kama maji yametoka na Mkanda haupitiki na mtakaa hapo juani mpaka yajae, yeye nusu saa. Na mkononi alivaa saa ya chuma, kubwa, ambayo ilisimama hata mimi sjazaliwa na hakuivua mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa mambo mengi, alijua nyota, alijua kushona tanga, boti iliwahi kupinduka usiku akaogelea na mtoto wa watu mgongoni mpaka kwenye mikoko, na hayo wanaomjua wanayajua, lakini jina lililobaki ni Nusu Saa. Mgeni angekuja akamwita hivo siku ya kwanza yangekuwa matusi. Aliyekuwa na haki ya kuita ni yule aliyekaa kwenye ile boti akaungua jua. Alipofariki mwaka juzi, watu walipokuwa wanatoka makaburini nilisikia wanasema Mungu amrehemu Nusu Saa, watu wazima kabisa, na hakuna aliyeona vibaya.

Rudi kwa Rock Lee sasa. Kwa asiyemjua, ni kijana wa Konoha, kijiji cha ninja kwenye anime ya Naruto, asiyeweza ninjutsu (mbinu za kininja) wala genjutsu (mbinu za mazingaombwe), na kwa ninja hiyo ni kama mvuvi asiye na wavu wala ndoana, ana mikono na miguu na mazoezi, basi. Ile vita yake na Gaara, kijana anayeamrisha mchanga, kwenye mtihani wa kupanda cheo cha chunin, kuanzia episodi ya 48 ya Naruto ya kwanza, anapovua vile vizito vya miguuni anaviachia vinaanguka chini vumbi linatimka na watu wote uwanjani wanaduwaa, nimeiangalia mara nyingi sana na bado mwili unanisisimka. Mwisho wake anasagwa mkono na mguu na mchanga wa Gaara. Hadithi ya Lee ni hadithi ya uchungu jamani, mtoto asiye na kipaji amekataa kukubali kwamba hana.

Aprili 2012 TV Tokyo wakaanza kuonyesha spinofu yake, imetengenezwa na Pierrot, walewale wa Naruto yenyewe, kutoka kwenye manga (hadithi ya michoro) ya vichekesho ya Kenji Taira, ikaenda episodi 51 mpaka Machi 2013. Wakamfupisha. Zikabaki nyusi nene, nywele za bakuli, macho ya duara, ile nguo ya kijani ya kubana, na bidii. Na bidii ndo kila kitu hapo, sababu Lee na mwalimu wake Gai-sensei wanaingia kwenye jambo dogo kabisa kwa moyo uleule wa kufa na kupona waliokuwa nao vitani, mwenzao Tenten ndo mwenye akili timamu anapiga kelele nyinyi mna nini, na mwenzao mwengine Neji anasimama pembeni na heshima zake kama hayumo, halafu baada ya dakika tano yumo zaidi yao. Wajapani wana sanaa yao ya jukwaani inaitwa manzai, watu wawili, mmoja anaitwa boke ndo msema upuuzi na mwengine tsukkomi ndo wa kumkatiza na kumrudi, na karibu kila kichekesho cha hizi chibi kimesimama juu ya hao wawili. Ukikaa baraza yoyote hapa baada ya laasiri penye bao utawakuta wote wawili, na ukikaa sana utajua nani ni nani.

Mdogo wangu aliiona Rock Lee mara ya kwanza ana miaka 7. Hakucheka hata kidogo. Aliangalia tu sababu ina rangi na inapiga kelele, kisha akaenda zake kucheza. Baadaye ndo akaanza Naruto kutoka mwanzo, zile episodi 220 za kwanza halafu Shippuden, mwendelezo wake, 500, nyengine kwa simu ya mamake bando ikiwepo, nyengine kwa flashi anayoleta binamu yetu akija likizo kutoka Mombasa, siku nyengine anaruka mbele sababu faili imekufa katikati halafu anarudi nyuma ikipatikana, ikamchukua karibu miaka miwili na nusu. Mwaka huu akarudi kwa Rock Lee. Wallahi alicheka mpaka bibi akatoka chumbani na tasbihi mkononi kuuliza kuna nini. Episodi ileile aliyoiangalia kimya akiwa mdogo. Kwa hivyo mtu akiniambia chibi ni za watoto nampa mfano wa huyo mtoto, utoto haukumsaidia kucheka, kilichomsaidia ni kukaa kwenye boti.

Nyengine ambayo inanigusa ni ya Attack on Titan, ile Junior High. Anime kubwa ilianza 2013, na sisi tuliokuwa tunaingoja sizoni ya pili tulingoja mpaka 2017, na katikati hapo, Oktoba mpaka Disemba 2015, tukapata hii ya episodi 12 kutoka Production I.G, ambayo nayo imetoka kwenye manga ya vichekesho ya Saki Nakagawa. Humo titani, yale majitu yanayokula watu, na binadamu wanasoma skuli moja. Armin, mmoja wa wanafunzi, anatembea amejifunika godoro lake kama kobe. Na Eren, mhusika mkuu, anawachukia titani kwa nguvu zake zote kwa sababu walimlia chakula chake, nyama ya kusaga yenye jibini.

Tulia kidogo hapo kwenye nyama. Kwenye anime kubwa, episodi ya kwanza kabisa, Eren anaona titani anamla mamake, na chuki yake yote imetoka hapo. Anayemuigizia sauti ni Yuki Kaji, na kwenye Junior High ni Yuki Kaji huyohuyo, analia kwa koo lilelile, ila sasa analilia chakula cha mchana. Kuna watu waliona ni kuudhalilisha msiba. Nimekaa na hilo sana, na mimi naona kinyume chake, sababu kichekesho kile hakina nguvu yoyote kwako kama hukumlilia yule mama. Unacheka na wakati huohuo moyo unakumbuka. Kwetu pia mtani akija msibani huweza kusema neno kuhusu marehemu mpaka waliao wakacheka machozi yakiwa bado usoni, na hakuna anayemwambia humjui huyu unayemtania, sababu wote wanajua anamjua.

Zipo ambazo hazinifikii sana. Isekai Quartet ya 2019, ya Studio Puyukai, inachukua wahusika wa anime nne tofauti, wanabonyeza kitufe chekundu wote wanajikuta darasa moja, na wazo ni zuri kweli, mimi namcheka Ainz kila akionekana sababu Overlord naijua vizuri, lakini wale wa anime ya Tanya sikuwahi kuwafuata, kwa hivyo robo ya kila episodi nakuwa kama mgeni barazani, wenzangu wanacheka na mimi naangalia nyuso. Na zipo pia zinazokuza kitu ambacho hakikuwa cha mtu mwenyewe, wanamfanya mhusika mlafi kwa sababu mlafi anachekesha, na ukikumbuka hadithi kubwa hakuwahi kujali chakula. Hiyo ni lakabu ya kubandikwa na mtu asiyekujua, haishiki.

Sasa Neji. Kama hujafika mwisho wa Shippuden ruka aya hii tafadhali, nakuomba. Neji anakufa kwenye vita vya nne vya ninja, episodi ya 364, ilionyeshwa 2014, anajiweka mbele ya binamu yake Hinata na Naruto ile miti mikali inamchoma yeye. Mdogo wangu alipofika hapo alifunga laptopu, hakusema kitu, akatoka akaenda kukaa gatini peke yake, na siku tatu hakutaka kuangalia chochote. Na ukiangalia miaka utaona kwamba 2012, wakati Rock Lee inawachekesha watu, Shippuden ndo ilikuwa inaingia kwenye vita hivyohivyo. Kwa hivyo juzi alipoichagua mwenyewe kwenye flashi nliogopa kidogo, nikamuuliza, una hakika, Neji yumo. Akaniambia, "Najua dada. Huku bado hajaenda vitani." Na kweli yumo, nywele ndefu, mikono kifuani, vichwa viwili na nusu, amekasirika kwa jambo ambalo halina maana yoyote, na Lee yuko pembeni yake anapiga kelele. Tukacheka sote wawili. Mimi machozi yalinitoka pia na sikuyafuta, giza lilinisitiri.

Laptopu ilipozima hatukuingia ndani, joto. Nikawasha tochi ya simu, yeye akachukua daftari lake la skuli akafungua nyuma, akaanza kuchora. Anajifunza chibi, anaanza na duara kubwa, anagawa msalaba wa kukaa macho, halafu mwili mdogo chini kama maharagwe. Nlidhani anachora Gai-sensei sababu ya mdomo ulivyo mkubwa. Kisha akatia kofia ya vito. Akatia boti, ndogo kuliko kichwa cha mwenyewe, na mkono umeinuliwa juu na kidole kimoja, vile alivyokuwa akifanya akijibu abiria.

Bibi akatoka kutuita tukale. Akaliona daftari, akalichukua akalisogeza kwenye mwanga wa tochi, akaliangalia muda mrefu hasemi, na mimi nikaanza kufikiria niseme nini. Kisha akamrudishia.

"Na saa i wapi?"

Mdogo wangu akachukua kalamu akaichora, kubwa mno, imeanzia kwenye kiganja ikafika kwenye kiwiko.