Baba yangu aliua mtu: nilivyoishi na hilo jambo mpaka nikapumua

Naandika hii kwasababu nimechoka kusikia watoto wa wafungwa wakiambiwa "nyamaza tu, yatapita". Baba alifungwa maisha kwa kosa la kuua, mi nikiwa bado shule ya msingi, na ukoo mzima ulikua na ushauri mmoja tu, funika kombe mwanaharamu apite. Tukaagizwa tuseme baba kasafiri kikazi.

Ule uongo ulitutesa kuliko ukweli wenyewe. Ukisema baba kasafiri unaulizwa yuko wapi, anarudi lini, mbona hapigi simu, kakutumia nini, yani kila jibu linazaa swali, na mi na kaka yangu usiku tulikua tunapanga majibu yafanane tusije tukaumbuka. Kaka akasema baba anafanya kazi melini, mi nilishasema yuko machimboni. Ukweli ulipofika darasani, mambo ya baba watu waliyaogopa kuyataja, walichokishikilia ni yale machimbo, nikawa mtoto wa muuaji na muongo juu yake. Kwahiyo wewe unayemlea mtoto wa namna hii mwambie, kwa maneno ya umri wake: baba alimuumiza mtu, yule mtu akafa, sheria imemfunga, na wewe hujafanya kosa lolote. Hilo la mwisho lirudie hata kama hajauliza. Mi nilikaa miaka nikiamini baba alikua na hasira kwasababu yetu.

Nilipokua mtu mzima ndo nikakutana na kitu kibaya zaidi, hadithi za watu. Huyu anasema aliua wawili, yule anasema panga, mwingine sumu, bibi mzaa baba mpaka kesho anaapa kwamba mwanae kasingiziwa. Nikaamua kwenda masjala ya mahakama kuomba nakala ya hukumu. Kesi ikisikilizwa hadharani, hukumu yake mara nyingi inapatikana, nenda na namba ya kesi au basi majina na mwaka, ada haikua ya kutisha. Shangazi akasema nafukua makaburi. Nikamjibu shangazi, hilo kaburi nalala juu yake kila siku.

Sasa nilivyoisoma ndo najivunia. Kwanza nilimpa rafiki yangu mmoja aipitie, akazibana na klipu kurasa za ripoti ya daktari ili nisizione, na mpaka leo sijazifungua. Alafu sikuanzia mwanzo. Hukumu ina mpangilio wake, linakuja shtaka, mashahidi wa upande wa mashtaka, utetezi, alafu jaji anapima nani wa kuaminika, ndo uamuzi na adhabu. Nikaanzia pale jaji anapopima, maana pale ndo unajua kipi kimethibitishwa na kipi ni maneno tu. Pembeni niliweka karatasi niliyoandika kila kitu nilichowahi kusikia kuhusu baba, na penseli. Panga, nikakata. Watu wawili, nikakata. Sumu, nikakata. Kasingiziwa, hiyo niliishikilia sana, nikarudi kwa mashahidi, nikasoma tena na tena, maelezo yao hayapishani. Nikakata nikiwa nalia. Walikua wanagombania deni. Mke wa marehemu alitoa ushahidi kwamba mumewe alitoka na ufunguo kwenye mfuko wa shati, ikabidi yeye aache mlango bila kufunga mpaka asubuhi. Kabla ya hapo marehemu kwetu alikua "yule mtu". Sasa namtaja kwa jina lake, na nyumbani nimeomba wote tumtaje hivyo.

Kuna hili la mtoto wa nyoka ni nyoka. Nililiogopa kiasi kwamba nikipandisha sauti tu natetemeka usiku kucha. Mshauri nasaha mmoja ndo alinitoa huko, akanielezea utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 kuhusu mateso ya utotoni, kwamba kuishi kwenye nyumba ambayo mtu kafungwa jela ni moja ya mambo waliyoyahesabu, na kadri mateso yanavyorundikana ndivyo hatari ya magonjwa na ulevi ukubwani inavyopanda. Hatari, sio hukumu, na ni ya kuumia, sio ya kurithi uuaji. Hapo nikapata cha kushika, usingizi wangu, pombe, namna ninavyogombana, vitu ambavyo naweza kuvifanyia kazi. Na kama mtoto wako anasumbuliwa shuleni kwa kosa la mzazi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 2, unataka alindwe asibaguliwe wala kuadhibiwa kwa matendo ya wazazi wake. Mama angelijua hili mapema asingenihamisha shule kimya kimya.

Pia achana na wanaokulazimisha umchukie au umsamehe. Niklas Frank, ambaye baba yake Hans Frank, kiongozi wa Wanazi wa Ujerumani aliyetawala Poland wakati wa vita kuu ya pili, alihukumiwa akanyongwa Nuremberg mwaka 1946, kamlaani baba yake hadharani miaka yote. Mtoto wa Pablo Escobar, yule bosi wa madawa ya kulevya wa Kolombia, alibadili jina, akakutana na watoto wa wanasiasa waliouawa na baba yake akawaomba radhi. Njia mbili tofauti kabisa, na wewe huhitaji ruhusa ya ukoo kuchagua yako.

Siku hizi nina sentensi moja, niliifanyia mazoezi kwa sauti mpaka ikatoka bila koo kukaba: "Baba yuko gerezani kwa kesi ya mauaji, sipendi kuieleza zaidi." Wengi wanaishia hapo. Mchumba wangu nilimwambia kabla hajaja kwetu, sio baada, nikampa na hukumu yenyewe asome.

Gerezani kaka anaenda, mi naandika barua. Baba kajibu baadhi, swali la kwanini bado analiruka na mi bado naliuliza. Shangazi anataka niende kabla baba hajazeeka zaidi. Nimemwambia nikiwa tayari nitaenda, na asiniulize tena mbele ya watu.